Kwa wanafunzi wa zamu ya utabiri wa upepo Pwani

Nimezipitia taarifa za mazoezi mlizoandika wiki hii. Ninyi ni wapya, makosa yenu ni ya zamani, mimi nayo tunafahamiana.

1. Upepo huitwa kwa kule unakotoka. Aliyeandika kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, mwezi wa Julai ambao ni wa kusi, upepo wa kusini, nimemsamehe, kwa leo tu.

2. Chati zinakuja kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. "Tunajua, kaka." Hata mimi nilijua. Nilikuwa zamu ya usiku, msimu wa kusi, modeli ya kompyuta inaonyesha upepo kukaza saa 09. Macho yakasoma tisa, mkono ukaandika saa tisa alasiri, nikaenda kuchemsha chai nikiwa nimejiridhisha kabisa. Kumbe 09 UTC kwetu ni saa sita mchana! Ngalawa za Kunduchi zikatoka alfajiri, umande, upepo mwepesi utokao nchi kavu, ukizisukuma nje, manahodha wamepanga kurudi saa nane kwa kuniamini mimi. Saa sita kusi ikakaza wakiwa bado mbali. Ngalawa moja ikapinduka, wavuvi wakaning'inia ubavuni mpaka wenzao wakawafikia. Hakufa mtu. Nilipopata habari nikafungua chati mbio, nikitafuta modeli ilipokosea. Haikukosea popote. Jioni akapiga simu nahodha mmoja mzee. Nikasema shikamoo, akaitikia vizuri tu, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo saa tisa yako ni ya nchi gani?" Heri angenitukana. Andikeni saa zote mbili, ya UTC na yetu, kila mstari. Msinicheke ninapozisoma kwa sauti.

3. Modeli haiijui ghuba yako. Gridi yake ya visanduku vya kilomita 9 inauvuka Mlango wa Zanzibar, pale unapobana, kwa visanduku vinne hivi. Tena "kusini-mashariki siku nzima" ni uvivu. Asubuhi za kusi, umande huuvuta upepo ukawa wa kusini-magharibi, mwepesi. Jua likishapasha nchi kavu ndipo unageuka na kukaza. Mvuvi anataka kujua saa ya kugeuka.

4. Kipima upepo cha uwanja wa ndege kiko bara. Baharini upepo ni mkali zaidi, ongeza.

5. Tazameni maji. Kwenye bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kujaa na kupwa hupishana karibu mita 4, na mkondo ukikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi husimama wima. Upepo uleule kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mtu anavuka anaimba. Juzi nilimuuliza mmoja wenu mwezi una siku ngapi, akatoa simu atafute programu. Mwezi mpevu ulikuwa dirishani, nyuma ya kichwa chake. Jedwali la maji limebandikwa ukutani, juu ya birika. Mnaliona kila mkienda kumimina chai.