New Orleans: usirudie kosa langu la kulala Bourbon Street

Nilienda mwezi wa nane, kwa basi kutoka Houston, na kosa la kwanza nilishalifanya kabla sijapanda hata hilo basi, nilibuku chumba Bourbon Street kwa sababu ndo jina pekee nililokuwa nalijua. Jamani. Muziki mpaka alfajiri, walevi wanaimba chini ya dirisha, asubuhi harufu ya barabara ile we acha tu. Pita pale jioni moja, piga picha zako, sepa. Muziki wenyewe uko Frenchmen Street, mtaa wa Marigny, unatembea kwa miguu tu, bendi ziko mlango kwa mlango na sehemu nyingine hulipi kiingilio, unatupia chochote kwenye ndoo ya wanamuziki basi. Kosa la pili ni huo mwezi wa nane, joto lile ni la Dar ya Februari na bado ni msimu wa vimbunga. Nenda mwezi wa tatu au wa kumi na moja.

Sasa kuhusu mitaa, kila mtaa mpe siku yake maana haifanani kabisa na ina sababu zake. Wafaransa waliuanzisha mji 1718, baadaye wakaja Wahispania, French Quarter, yaani ule mji mkongwe wenyewe, ikaungua 1788 na tena 1794, ndo maana pamoja na jina lake la Kifaransa utakuta nyumba nyingi zina ua wa ndani na matao ya Kihispania. Marekani ikanunua eneo la Louisiana, mji huu ukiwemo, 1803, wageni wakamiminika na wenyeji hawakuwapenda, basi wale wakajenga kwao ng'ambo ya Canal Street. Ile sehemu ya katikati ya barabara ikaitwa neutral ground, yaani pasipo na mwenyewe, na mpaka leo ndo wanavyoita katikati ya barabara yoyote pale mjini.

Kuuona huo upande wa pili panda tramu ya kijani ya St. Charles, mimi nililipa dola 1.25, haina kiyoyozi ila madirisha yanafunguka, na njia hiyo inafanya kazi tangu 1835. Shuka Garden District uangalie majumba ya kitajiri. Ukiuliza njia usitegemee kaskazini wala kusini, mto unapinda pinda kwa hiyo wao wanakwambia upande wa mto au upande wa ziwa, siku ya kwanza nilipotea kweli.

Ila kama una siku moja tu, nenda Tremé. Ni kuvuka tu Rampart Street kutoka French Quarter. Ndani ya Louis Armstrong Park kuna Congo Square, hapo watumwa walikuwa wanakutana Jumapili kupiga ngoma, kucheza na kuuza vitu vyao. Nilikaa pale kwenye kivuli muda mrefu kuliko sehemu yoyote ile. Ukibahatika kukutana na second line Jumapili, yaani maandamano ya mtaani yenye bendi ya matarumbeta, usisimame pembeni na simu, ingia nyuma ya bendi ucheze. Mtu aliyekulia na matarumbeta ya harusi za Dar hahitaji kufundishwa.

Lower Ninth Ward ni habari nyingine. Kuta za mfereji zilibomoka kwenye kimbunga Katrina 2005, na bado kuna viwanja vitupu ambapo palikuwa na nyumba za watu. Ukienda, salimia watu, usipige picha nyumba za wenyewe kama uko mbugani.

Chakula sasa. Gumbo, ule mchuzi wao mzito, jina lake linatoka kwenye neno la Kibantu la bamia, na Jumatatu mji mzima unakula wali maharage, desturi ya siku ya kufua, sufuria inakaa jikoni yenyewe mama akiwa kwenye karai. Mimi nimesafiri kote huko nikalipa dola kumi na kitu kwa wali maharage, na kesho yake nikarudia.