Yuriki 5.8 haimaanishi hakuna jongo: kwa mnaoanza kazi maabara

Wadogo zangu mnaokuja fildi maabara hapa Dodoma, kuna kipimo mtakidharau kwa sababu mashine inakitoa haraka: asidi ya yuriki, ile inayohusishwa na jongo, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma. Mimi kiliniaibisha mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja.

Alikuja dereva wa lori, kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwiva, hata kandambili haivaliki. Majibu yakatoka miligramu 5.8 kwa desilita. Alipokuja dirishani kuchukua karatasi nikamwambia, bila kuulizwa na mtu, "Yuriki yako iko sawa mzee, hii si jongo." Akaondoka akiamini amejigonga mahali. Wiki 3 baadaye mguu umetulia, akapimwa tena: 9.1. Daktari aliyekuja kuniuliza hakupandisha hata sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

Jongo, au gauti kama wengi wanavyoiita, linapomshika mtu, figo huweza kutoa yuriki nyingi zaidi kwenye mkojo, na ile ya kwenye damu ikashuka hadi ikaonekana ya kawaida. Ndiyo maana kipimo hurudiwa wiki 2 au zaidi baada ya maumivu kuisha. Na kinyume chake mtakutana nacho kila siku: mtu ana 8.5 na hajawahi kuumwa kiungo hata kimoja. Wengi wenye yuriki juu hawapati jongo kabisa. Kwa hiyo toeni namba, ugonjwa mwachieni anayemshika mgonjwa mguu.

Asidi yenyewe ni taka inayobaki mwili unapovunja pyurini, zinazotoka kwenye seli zetu na kwenye chakula. Ng'ombe na mbuzi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi; sisi hatuna. Kuku naye hana, na ule weupe kwenye kinyesi chake ni yuriki. Ikizidi kama 6.8 kwenye damu inaanza kushindwa kuyeyuka, ikatua kwenye viungo kama ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika kwa maji yetu ya visima. Kidole gumba cha mguu ni cha baridi, inatua hapo kwanza.

Angalieni vizio. Mama mmoja alikuja analia: mwezi uliopita alikuwa na 7.2, sasa kwingine kaambiwa 430. Ni kitu kilekile. Moja ni miligramu kwa desilita, nyingine ni maikromoli kwa lita. Zidisha ya kwanza kwa 59.5 utaipata ya pili. Kizio kiandikwe kwenye karatasi kila mara, kisomeke.

Fomu ikija tupu, ulizeni dawa. Vidonge vya presha vya kuongeza mkojo hupandisha yuriki. Pirazinamidi pia, kwa hiyo mgonjwa wa TB aliye kwenye miezi 2 ya mwanzo ya dawa msishangae namba yake. Figo iliyochoka hupandisha vilevile. Watu wanapenda kusingizia nyama choma ya Msalato, na kweli maini, figo na bia vina mchango, lakini sehemu kubwa ya yuriki mwili unajitengenezea wenyewe. Nimeona mzee kaacha kunde na maharage, lakini bia bado anakunywa! Kunde hazina kesi hapa.

Sasa kipimo kinachomaliza ubishi: maji ya kwenye kiungo, yaliyovutwa na daktari kwa sindano. Hapa kazi ni yenu kweli. Yakifika yaangalieni siku hiyohiyo, mapema. Msikubali yaje kwenye chupa yenye unga wa oksaleti au lithiamu heparini, maana unga huo unatengeneza fuwele zake na utawadanganya. Weka tone kwenye slaidi safi, funika, tafuta fuwele za yuriki, nyembamba kama sindano, nyingine zikiwa ndani ya seli nyeupe. Kwenye darubini ya polaraizi (yenye vichujio vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja) na kompenseta (kipande chenye mshale kinachozipa fuwele rangi), sindano iliyolala sambamba na mshale huo ni ya njano, iliyokatiza ni ya bluu. Ukiona vipande vifupi kama matofali, rangi zimegeuka, hiyo ni fuwele ya kalsiamu, si jongo.

Kama kituo chenu hakina darubini hiyo, vipande 2 vya plastiki ya polaraizi, kimoja chini ya slaidi kwenye njia ya taa na kingine juu yake, vikizungushwa hadi uwanja uwe giza, vinazifanya fuwele zing'ae. Rangi hutapata, ila utajua pa kutazama.

Na mkishaziona sindano msifunge daftari. Kiungo chenye jongo kinaweza kuwa na bakteria pia, na hao huharibu kiungo ndani ya siku chache. Hesabuni seli nyeupe, pakeni rangi ya Gramu ya kuonyesha bakteria, pandeni kalcha ili waote, hata kama daktari kaandika neno moja tu kwenye fomu, "fuwele".

Halafu glavu. Zile zenye unga zimewahi kunipotezea nusu saa nzima, nimeita wenzangu waje waone fuwele za ajabu, kila moja ina msalaba unaong'aa katikati. Ilikuwa wanga ya glavu zangu mwenyewe.