Jibu: Augustino, uanzie wapi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Umesema ulianza kumsoma Mtakatifu Augustino, yule askofu na mwandishi wa Kanisa la kale, kwa kazi yake Mji wa Mungu, ukakwama katika kitabu cha pili, sasa unajiuliza kama Augustino ni wa mapadre tu. Hapana, umeanzia pagumu.

Kazi ile ina vitabu 22, yaani sehemu zake kuu. Aliianza mwaka 413 kuwajibu wapagani waliodai Roma ilitekwa mwaka 410 kwa sababu miungu ya zamani imeachwa. Ndiyo maana huko mwanzo ni mabishano na dini ya Kirumi, kurasa kwa kurasa. Mimi nimeianza mara mbili na bado sijaimaliza.

Chukua Maungamo, kazi yake nyingine anayosimulia maisha yake. Ila kabla ya yote kagua tafsiri uliyo nayo: nyingi za bure mtandaoni ni za Kiingereza cha karne ya 19, na lugha yenyewe inachosha. Ukiona hivyo, tafuta mpya zaidi, usijilaumu.

Maungamo yana vitabu 13, vifupi. Cha 1 hadi cha 9 ni maisha yake: wizi wa mapeasi akiwa kijana wa miaka 16, bustani ya Milano alimoongoka katika cha 8, kifo cha mama yake Monika kule Ostia katika cha 9. Mimi niliruka hadi cha 8 ndipo nikarudi nyuma, wala sikupoteza kitu. (Hayo mapeasi, kwa kweli, hayakuwa hata matamu.) Cha 10 kinageukia kumbukumbu, cha 11 wakati, hapo pumzika kwanza.