Tafuta Gesti Ambayo Mwenyewe Yupo

Kwa anayesafiri ndani ya Mkoa wa Tanga, iwe anapanda Lushoto au anateremkia Pangani, ushauri wangu wa kwanza kuhusu mahali pa kula na kulala ni kuuliza kama mwenye nyumba anaishi hapo hapo. Rangi ya jengo, ukubwa wa televisheni na picha za mtandaoni havijawahi kunisaidia kama jibu la swali hilo. Gesti ya vyumba vichache ambayo mwenyewe analala chumba cha uani huwa na mapipa yaliyojaa siku bomba linapokauka, kwa sababu na yeye anataka kuoga. Ile iliyoachiwa kijana wa mapokezi, huku mwenye mali akiwa Dar es Salaam, siku hiyo huwa na maelezo tu.

Tofauti hiyo huanza kuonekana njiani. Mabasi yanayokwenda kaskazini husimama kwenye mikahawa mikubwa ya barabarani, abiria wakapewa dakika chache, na wengi wakarudi kwenye viti vyao na chipsi zilizokwisha kupoa. Siwalaumu madereva, kwani wana ratiba yao. Lakini anayeshukia Korogwe au Mombo kusubiri gari lingine ana nafasi ya kutafuta mama ntilie aliye karibu na stendi, akala wali, maharage na mchicha vilivyotoka jikoni sasa hivi, na akisema hali nyama ataongezewa mboga bila mjadala. Afike kabla ya saa saba mchana. Mama ntilie hupika kwa kipimo cha wateja anaowajua, na sufuria ikiisha anaosha vyombo vyake na kwenda zake.

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa takribani kilomita 33 hadi Lushoto, mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni au Julai baridi ya huko humshangaza mtu aliyetoka pwani na shati jepesi. Hapo ndipo ninapoipenda nyumba ndogo. Mwenyeji anakuuliza usiku utaoga saa ngapi asubuhi, kisha kwa saa hiyo hiyo ndoo ya maji ya moto, yenye harufu kidogo ya moshi wa kuni, inakuwa imewekwa mlangoni pako, na blanketi la pili huletwa kabla hujaliomba. Nyumba za wageni za mashirika ya dini nazo ni safi na tulivu, ila mara nyingi geti hufungwa mapema na pombe hakuna, kwa hiyo anayependa kukesha asijitese.

Udogo peke yake si sifa. Omba kukiona chumba kabla ya kulipa, na mwenye nyumba mzuri hatanuna. Kinyanyue chandarua dhidi ya mwanga uone matundu, fungua bomba, jaribu komeo kwa ndani, kisha sikiliza: gesti nyingi zimepakana na baa, na muziki wa Jumamosi haujali kama una basi la alfajiri. Ukiwekewa ndala chini ya kitanda, ziangalie. Ndala safi zilizolingana huniambia mengi kuhusu shuka. Halafu kuna kitabu cha wageni, ambacho wengi hukijaza kwa kero. Mwenye nyumba anayekiandika kwa mkono wake husoma ile safu ya uendako, na kama uko Pangani na akaona unakwenda Mkwaja, ng'ambo ya mto, atakueleza uvuke lini kwenda Bweni ili usiachwe na gari la upande huo.

Pangani yenyewe ndiyo imenifunza kuagiza chakula mapema. Mama mmoja mwenye vyumba karibu na mto alinijia asubuhi nikinywa chai na kuniambia, "Mwanangu, kama jioni utakula samaki niambie sasa hivi, maana wakishapandishwa gari la Tanga huwaoni tena." Nilimwitikia, akaenda mwenyewe kuchagua samaki aina ya changu. Alasiri nilimkuta ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, samaki amekwisha kupakwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na chumvi. Alimchoma kwa mkaa taratibu, huku tui zito lililochemshwa kwa ukwaju na pilipili likipakwa juu kidogo kidogo, upande huu kisha ule, hadi likashika rangi. Kabla ya kutia pilipili aliniuliza naweza kiasi gani. Kwenye hoteli ya vyumba mia moja swali hilo haliwezi kufika kwa mpishi, na wala si kosa la mpishi.

Kuagiza mapema kuna maana pia ya kukubali kilichopo. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mashua ndogo hazitoki kila siku, na mwenyeji mkweli atakuambia leo ni bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu. Kula. Mimi huwa sina imani na mahali pa vyumba sita penye orodha ya vyakula arobaini.

Nje ya Tanga nako kuna la kuuliza mapema. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una nyumba nyingi za wageni zilizokuwa makazi ya familia, na ngazi zake ni za mwinuko mkali. Ukisafiri na mzee, uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi kabla ya kutoa fedha.

Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi midogo ya pwani hufungwa mchana, na wasafiri wasiofunga hulalamika sana kuhusu hilo. Beba matunda na maji, ule chumbani kwa staha, kisha uwepo nyumbani magharibi. Katika nyumba ndogo ni vigumu kupita mbele ya mkeka wa futari bila kuitwa, na muhogo wa nazi pamoja na uji wenye pilipili manga ambao utapewa hapo hauuzwi popote.

Kuhusu bei, chumba huwa naomba kipunguzwe kidogo nikikaa siku kadhaa. Chakula sikiombei punguzo. Mwisho, chukua namba ya simu ya mwenyeji na umpigie siku moja kabla hujapanda basi tena, kwani nyumba inayotegemea mtu mmoja hufungwa akiwa na msiba au arusi, na akiwa hayupo atakuelekeza kwa jirani anayemwamini.