Mama amegoma kuchanja? Usianze na serikali

Pole, dada. Unasema mama yako, miaka 67 na ana kisukari, amekataa chanjo ya korona na kukujibu: "Juzi walisema korona imeisha, leo wanatuletea sindano!" Hapo hajakosea. Takwimu za korona hapa Tanzania zilikoma Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, tukaambiwa tujifukize, barakoa zikachekwa. Halafu Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Nani asingechanganyikiwa?

Kwa hiyo usimtetee mtu yeyote wa serikali mbele yake. Mkubalie hasira zake kwanza, na sufuria yake ya kujifukizia mwachie (ila achunge mvuke usimuunguze). Siku ya kliniki ya sukari nenda naye, mwombe nesi aliyemzoea aongee naye, wewe kaa nje. Huyo anamwamini kuliko mimi na wewe. Aulize mwenyewe: chanjo iliyopo sasa ni ipi na ni dozi ngapi (ile ya Janssen ya 2021 ilikuwa dozi 1), mkono unaweza kuuma, homa ya siku 1 au 2 ni kawaida, na kwa mwenye kisukari korona ndiyo hatari zaidi. Kuchanja ni hiari, hivyo akitoka hajachanja msigombane. Jaribuni tena kliniki ijayo. Na wewe vaa barakoa unapomtembelea, hata akikucheka.