Theluji Imekoma, Shule Zifunguliwe Lini?

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama shule ziendelee kufungwa baada ya dhoruba ya theluji kupita, au zifunguliwe mara tu anga linapotakata. Mimi ni mzazi ninayeishi Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, pamoja na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Congo na Burundi. Jibu langu ni kwamba shule zibaki zimefungwa mpaka njia anazopita mtoto kwa miguu ziwe salama. Naongeza tu kwamba muda wa kuingoja siku hiyo huamuliwa na watu zaidi kuliko na hali ya hewa.

Kuhusu siku ya dhoruba yenyewe sioni haja ya kubishana. Mwenye shaka akumbuke yaliyotokea Atlanta tarehe 28 Januari 2014. Onyo lilikuwa limetolewa kabla ya mapambazuko, lakini shule zilifunguliwa kama kawaida. Theluji isiyofika hata sentimita saba ilipoanza kuanguka mchana, shule na ofisi ziliwaachia watu karibu wakati mmoja, magari yakajaa barabarani, na barafu ikayanasa hapo hapo. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, na wengine wakakesha ndani ya mabasi.

Ubishi wenyewe huja siku ya pili, ya tatu na ya nne, wakati jua limetoka, barabara kuu imekauka, na mzazi aliyefika kazini bila taabu anauliza kwa nini wanawe wako nyumbani. Jibu liko kwenye vichochoro. Mji wetu, kama miji mingi ya nchi hii, hupeleka magari ya kuondoa theluji na kumwaga chumvi kwenye barabara kubwa, na mitaa ya makazi huachiwa jua. Mchana theluji huyeyuka kidogo, usiku maji hayo huganda tena, na asubuhi lami huwa imefunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Chumvi ya kawaida nayo hupoteza nguvu baridi inaposhuka chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwanzoni mwa Januari jua la Louisville huchomoza yapata saa mbili asubuhi, kwa hiyo mtoto anayengoja basi la shule husimama gizani juu ya barafu hiyo, tena mara nyingi ndani ya barabara yenyewe, kwa sababu theluji iliyosukumwa pembeni imefunika njia ya waenda kwa miguu.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ina uzito, na haifai kupuuzwa. Februari 2014, Meya wa New York, Bill de Blasio, alilaumiwa vikali kwa kuacha shule wazi katika dhoruba, na waliohudhuria hawakufika nusu ya wanafunzi. Alijitetea kwamba familia nyingi hutegemea shule kwa chakula cha watoto na kwa mahali salama pa kuwaacha. Hilo tunalijua vizuri sisi ambao majirani zetu hulipwa kwa saa katika maghala na viwanda: asiyekwenda hapati kitu, na anayekwenda humwachia mtoto wa miaka kumi na mmoja kazi ya kulea wadogo zake kutwa nzima. Nani atamlaumu mzazi huyo?

Lakini kufungua milango kwa nusu ya darasa hakumfaidishi hata huyo anayehudhuria. Mchumi Joshua Goodman alichunguza takwimu za shule za Massachusetts akaona kwamba siku ambazo shule nzima ilifungwa kwa ajili ya theluji hazikushusha matokeo ya mitihani, ilhali utoro wa mtoto mmoja mmoja uliyashusha. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufundisha: wote wakikosa, mwalimu huendelea na wote kutoka pale alipoishia, bali nusu wakikosa, hulazimika kurudia somo kwa hawa huku wale wakimngoja. Masomo ya mtandaoni, ambayo Kentucky huziruhusu wilaya kuyatumia kwa siku zisizozidi 10 kwa mwaka, ni msaada mdogo. New York ilipoyajaribu tarehe 13 Februari 2024, wengi walishindwa kuingia kwenye mfumo asubuhi hiyo. Na hata mfumo ukifanya kazi, aliyedhani mtoto wa darasa la kwanza atatulia peke yake mbele ya kompyuta huenda hajawahi kuishi na mmoja.

Ndiyo maana naona lawama zetu zingeelekezwa kwenye ratiba ya magari ya theluji. Mji wa Karlskoga, Sweden, uliibadilisha ratiba yake ukaanza na njia za waenda kwa miguu na maeneo ya shule za chekechea kabla ya barabara kuu, kwa kuwa gari hupita kwenye sentimita chache za theluji kwa urahisi kuliko mama anayesukuma kigari cha mtoto. Miji yetu ikifanya vivyo hivyo, nyingi ya hizo siku za tatu na nne hazitahitajika. Kwa sasa, madarasa yafungwe, lakini jengo la shule lililo karibu na makazi lifunguliwe kwa ajili ya joto na chakula kwa wanaoweza kulifikia salama, bila kumwandikia utoro asiyekuja.

Tangazo nalo litolewe jioni ya kuamkia siku hiyo, na Kiswahili kiwemo. Likitolewa saa kumi na moja alfajiri, humkuta mzazi wa zamu ya usiku bado yuko kazini, na wa zamu ya asubuhi njiani, wala hakuna tena wa kubadilishana naye.