Lemuri na mchango, nani ndugu wa nani?

Shikamoo mwalimu. Lemuri ni nyani au ni komba? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Si nyani wala si komba, ila na komba ni mtu na binamu yake. Wote wamo katika oda ya Primates, pamoja na sisi, upande wa wale wenye pua mbichi kama ya mbwa. Mtazame lemuri mkia-pete akijisafisha: anachana manyoya kwa meno ya chini yaliyolala mbele kama kitana, na kidole cha pili cha mguu kina ukucha mrefu wa kujikunia. Komba anayekulilia usiku mwembeni anavyo vyote viwili. Lemuri wa porini wako Madagaska, na wachache Komoro walikopelekwa na watu.

Mchango anayemtoka mtoto akipewa dawa, si nyungunyungu wa tumboni huyo? (Mama wa watoto watatu, Malindi)

Hapana, mama. Nyungunyungu ana pingili. Mchango ni laini, kachongoka ncha zote mbili. Yumo faila ya Nematoda, kundi kubwa la minyoo ya mviringo isiyo na pingili. Akikua huvua ngozi yake ngumu ya nje mara nne, na kwa tabia hiyo wataalamu humweka karibu zaidi na panzi na kaa kuliko na nyungunyungu. Yeye na lemuri, mwenye uti wa mgongo na anayenyonyesha, wanakutana kwenye himaya ya wanyama, basi. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi wa kupanga viumbe, aliwapa wote wawili majina ya kisayansi mwaka 1758: *Lemur catta* na *Ascaris lumbricoides*.

Mbona mmoja analindwa, mwingine anauawa? (Msomaji, Morogoro)

Mchango jike hutaga mayai kama laki mbili kwa siku. Lemuri mkia-pete kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na msitu wake unachomwa kwa mashamba na mkaa. Mwaka 2020 IUCN, muungano wa kimataifa wa kuhifadhi mazingira, ilitaja spishi 107 za lemuri: 103 zinatishiwa, 33 kati ya hizo zimo ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kuna mnyoo anayekaribia kutoweka? (Huyo huyo)

Yuko mnyoo wa Guinea, naye ni Nematoda. Wagonjwa walikadiriwa milioni 3.5 mwaka 1986. Mwaka 2024 walikuwa 15. Kenya ilithibitishwa kuwa haina tena mnyoo huyo mwaka 2018. Huyo simlilii.

Ila lemuri nao wana minyoo wao, wakiwemo wa jenasi *Lemuricola*. Mnyoo asiyeweza kuishi kwingine ataondoka na mwenyeji wake, yaani mnyama anayeishi ndani yake. Chawa wa nguruwe mbilikimo wa Assam, India, alishaingizwa kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya viumbe walio hatarini, na mimi naona mnyoo wa lemuri naye anastahili mstari wake humo.